Kilio cha Wajomba Zangu

Wakili alitupa somo moja tu, na alilirudia mpaka nikachoka kulitafsiri: tukiulizwa mahakamani, mimi na mama mdogo, jibu ni kwamba kule Bukavu sina mtu. Sina mama, sina baba, sina mjomba, sina hata jirani anayeikumbuka sura yangu. Alikuwa kijana wa Kiingereza, mpole, tai yake imepinda, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la kuku wa kukaanga pale Peckham, kwa hiyo kila tulipokwenda kupanga maisha yangu tulirudi nyumbani tunanuka mafuta.

"Anasema useme siko na mutu," nilimwambia mama mdogo.

"Nimesikia," alijibu, akafunga pochi yake.

Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane na nilijiona najua kila kitu. Nikadhani amekubali.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mdogo ndiye aliyenileta London. Mama yangu mzazi alikufa kwa homa nikiwa mdogo, baba akamfuata, na wote wawili walizikwa na kuliliwa inavyotakiwa. Vita ya tisini na sita ilipofika mjini kwetu, mama mdogo alinishika mkono tukavuka mpaka kwenda mashariki. Kaka zake watatu, wajomba zangu, walielekea upande wa pili, msituni, na hatukuwaona tena. Tulikaa Nairobi kidogo, kisha tukaja huku. Serikali ilipompa mama mdogo ruhusa ya kuishi Uingereza mimi sikuwamo, kwa kuwa sikutoka tumboni mwake. Mimi nilipewa ruhusa ya mtoto, ile inayoisha siku mtoto anapokuwa mtu mzima. Wenzangu wa shule walitimiza miaka kumi na minane wakafanyiwa sherehe. Mimi nilitimiza nikawa mtu wa kufukuzwa. Chuo kikuu kilikuwa kimeniahidi nafasi ya kusomea ufamasia, mradi nioneshe ruhusa ya kukaa, na bila ruhusa hiyo lililokuwa likiningoja si kukosa chuo tu bali kupandishwa ndege.

Kesi yenyewe ni rahisi kuieleza. Jaji alitakiwa aamue maisha yangu yako wapi, hapa au kule. Huku kulikuwa na miaka yangu ya shule, kanisa na kwaya. Kule, serikali ilihitaji mtu mmoja tu aliye hai wa kunipokea.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na kina zulia, kinafanana zaidi na ofisi ya daktari wa meno kuliko mahakama. Jaji alikuwa mzee mwenye mafua. Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka, na kila mama mdogo alipofungua kinywa na Kiswahili chetu cha Bukavu, yule bwana alikunja uso kidogo kama mtu aliyeona shati halikupigwa pasi. Lakini alituelewa vizuri, sina la kumlaumu.

Mwanasheria wa serikali, mama mmoja mwenye miwani, aliuliza maswali madogomadogo kwanza: tunakaa wapi, nani anapika, kanisa gani. Kisha akauliza, bila kuinua macho, mpwa wako ana ndugu gani kule Kongo?

Mama mdogo alinitazama. Nikamtazama. Wakili wangu akaacha kuandika. Nilimwona mama mdogo akinyoosha mgongo, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, na hapo hapo nikajua.

"Huyu mutoto iko na bantu," alisema. "Iko na bajomba batatu."

Akawataja mmoja mmoja, jina lake na la baba na la kilima alikotoka, taratibu, ili mkalimani asikosee. Mwanasheria akauliza kama wajomba hao wangempokea. Mama mdogo alimwangalia kana kwamba ameulizwa kama maji yanalowesha.

"Mujomba anaweza kataa je mutoto ya dada yake?"

Yule mama mwenye miwani alisema hana swali lingine. Jaji akapenga kamasi. Wakili wangu aliitazama tai yake kwa muda mrefu.

Njia nzima kurudi Peckham, ndani ya basi, nilimsemesha Kiingereza kwa makusudi na kwa sauti ya juu, abiria wote wasikie. Mimi si mtu mpole na sijawahi kujidai kuwa mpole. Nilimwambia amenifunga mwenyewe kwa mikono yake, na kwamba wale watu hata hajui kama wapo. Aliniacha nimalize. Tulipokaribia kituo chetu akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Ulitaka nibaue bakaka yangu na kinywa yangu, mbele ya bazungu?"

Ili kumwelewa lazima ujue kwetu. Kwetu, kusema mtu hana watu si kutoa habari, ni kumlaani. Utasikia wanawake wakitukana sokoni kila aina ya matusi, lakini hilo la "wewe hauna bantu" likitoka, ugomvi unageuka kuwa kesi ya familia. Halafu kuna la pili. Mtu aliyepotea hajafa mpaka aliliwe. Kabla ya hapo habari zake zinaulizwa, anaombewa aamke salama, na nafasi yake kwenye ukoo haiguswi. Mama mdogo alikuwa akiwaombea kaka zake kila asubuhi, Mungu awape chakula na viatu. Kila mgeni aliyefika kanisani kutoka nyumbani aliulizwa juu yao kabla hata hajavua koti. Sasa mtu kama huyo umwambie aape kwamba hawapo.

Tulishindwa, bila shaka. Jaji aliandika kwamba kwa ushahidi wa mama yangu mdogo mwenyewe nina familia inayonipenda kule. Wakili akakata rufaa juu zaidi, na sisi tukaanza maisha ya kusubiri.

Kila wiki nilitakiwa kwenda kwenye ofisi ya uhamiaji kupiga saini. Unaingia kwa foleni, unapita mlango wa chuma, unaonesha karatasi yako dirishani, na yule wa dirishani anatazama kompyuta. Mara nyingi anakuambia uende. Mara nyingine anakuambia ukae pale kwenye kile kiti, na waliokaa kwenye kile kiti hawakutoka kwa mlango walioingilia. Nilienda na begi lenye nguo za ndani, mswaki na kitabu cha kemia. Mama mdogo alibaki ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, anaacha mabasi yake yapite. Nikitoka alikuwa haniulizi kitu wala hatabasamu, ananipokea begi tu tunaondoka. Siku moja kompyuta yao ilikwama nikakawia, na nilipotoka nilimkuta amekaa chini kwenye lami na sare yake ya kazi, mwanamke ambaye hata nyumbani hakai chini bila mkeka. Siku hiyo hasira yangu kwake ilipungua, ingawa haikuisha.

Wakati huohuo kukawa na maneno mengi mjini juu ya watu kama mimi. Kulikuwa na kampeni ya kutaka vijana waliokulia hapa wapewe makaratasi, wote, bila kuburutana mahakamani mmoja mmoja. Jumapili moja baada ya ibada watu wa kampeni hiyo wakaja ukumbini kwetu, kanisa letu likikodi ukumbi wa shule, wakaleta vipeperushi na bibi mmoja wa Kizungu mwenye moyo mzuri sana. Alisema wanatafuta vijana wa kusimama mbele ya wabunge na kusimulia. Mama mmoja wa kwaya akanisukuma mbele.

Bibi yule alinisikiliza akitikisa kichwa. Kisha akaniuliza kama ningeweza kulitilia mkazo lile la kubaki peke yangu duniani. Nikamwambia sijabaki peke yangu, mama yangu mdogo yule pale anagawa sambusa. Akasema ndiyo, ndiyo, lakini kule. Nikamwelewa. Hakuwa na ubaya. Wanaonitaka na wasionitaka, wote walikuwa wanamtafuta msichana yuleyule asiye na watu.

Aliyesimama kupinga alikuwa shemasi wetu, mzee aliyefika zamani, ana pasipoti ya Uingereza na kazi ya kupakia mizigo kule Hayes karibu na uwanja wa ndege. Shemasi alikuwa mtu wa kunyoosha suruali na kunyoosha maneno.

"Mimi nilingoja," alisema. "Nilingoja miaka, nikapita mahali bote banapita. Mukisema bote bapewe, kesho bazungu batasema sisi ni bezi ba kuingilia dirishani. Na sisi benye makaratasi batatuchukia pamoja na bale hawana."

"Mzee, mimi sikuingia dirishani," nikamjibu. "Niliingia nimeshikwa mkono."

Watu wakaguna. Kwetu kijana hajibu hivyo, na mama mdogo alinitazama kwa jicho ambalo nyumbani lingefuatwa na ndala. Ukumbi ukawaka. Kuna waliosema shemasi amesahau alivyolia alipofika, kuna waliosema ana haki, kwamba sheria ikilegezwa kwa wote basi wenye mikasa ya kweli watapotea ndani ya umati. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilikuwa namwelewa. Alijenga maisha yake yote juu ya kufuata utaratibu, na sasa anaambiwa utaratibu wenyewe ni bure.

Ndipo ikawa ajabu kwamba aliyekuja kunisaidia ni yeye. Mahakama ya juu ilikuwa imeamua kesi yangu isikilizwe upya na jaji mwingine, kwa sababu yule mwenye mafua hakuipima miaka yangu ya shule. Lakini maneno ya mama mdogo yalibaki kwenye faili, na wakili alisema wazi kwamba yataulizwa. Shemasi alisikia. Akaja nyumbani kwetu Jumamosi, amevaa koti, akakataa chai mpaka amalize.

"Dada," alimwambia mama mdogo, "hawa bakaka, ungali unabangoja?"

Mama mdogo akamsogezea tena chai aliyoikataa.

"Bazee betu, mutu akipotea kwenye vita, banangoja. Halafu siku moja bazee banakaa, banasema imetosha, tumulilie, aende kwa amani. Haiko kumuua. Ni kumufungua. Wewe haukufanya ju huku hakuna muzee wa kukuambia. Mimi njo nakuambia."

"Ju ya makaratasi," mama mdogo alisema, yaani kwa ajili ya kesi yangu.

"Ju ya makaratasi, sitakudanganya. Lakini hata bila makaratasi, saa ilishafika."

Mama mdogo alimfukuza. Kwa heshima, na sahani ya maandazi ya kupeleka kwa mke wake, lakini alimfukuza. Wiki nzima hakuzungumza nami ila mambo ya jikoni. Mimi nami sikujua naomba nini. Kumwomba awalilie kaka zake ili nisome ufamasia? Jibu la kweli ni kwamba ndiyo, nilitaka. Niliogopa lile begi na kile kiti kuliko nilivyowakumbuka wajomba. Mmoja wao nilimkumbuka kwa kucheka tu, sura yake imefutika.

Siku moja, nikirudi kutoka kupiga saini, mama mwenye saluni tuliyosukia nywele akanisimamisha mlangoni pake. Aliniuliza kama mama yangu ana ugonjwa. Mama mdogo alikuwa amekwenda kwake kunyolewa kichwa chote, na mwenye saluni alimkatalia mara ya kwanza, akidhani ana wazimu. Nilikimbia mpaka nyumbani. Nilikuta makochi yetu yamepangwa nje kwenye korido ya ghorofa, na jirani Mwingereza amesimama pale anauliza kama tunayatupa, maana lile dogo angelipenda. Ndani sakafu ilikuwa tupu na mikeka imetandikwa. Wanawake wa kanisa wameshakaa. Juu ya meza ya televisheni kulikuwa na picha moja ya zamani, vijana watatu wamevaa suruali pana, na mshumaa.

Sijui niseme nini juu ya siku zile. Nilidhani kitakuwa kilio cha maonyesho. Mama mdogo alilia mpaka sauti ikakauka, akiwaita kwa majina ya utotoni, akimgombeza mkubwa kwa nini aliwapitisha wadogo msituni. Shemasi aliongoza nyimbo, na alipofika kutaja majina yao pamoja na ya marehemu wa ukoo, alisimama kidogo akamtazama mama mdogo ampe ruhusa. Naye akainamisha kichwa. Shemasi akayataja. Nikahisi baridi imepita chumbani, na mimi si mtu wa kuamini mambo hayo.

Jaji wa pili alikuwa mwanamke. Mwanasheria wa serikali alikuwa mwingine, kijana, ana haraka. Mkalimani alikuwa yuleyule wa pwani, na alipomwona mama mdogo na kitambaa cheusi juu ya kichwa kilichonyolewa alisimama akampa pole kabla ya kuruhusiwa kusema.

Kijana akasoma kwenye faili. Mara ya mwisho ulisema ana wajomba watatu. Bado wapo?

"Hapana. Nilishabalilia."

Walikufa lini?

"Sijue."

Nani alikuletea habari kwamba wamekufa?

"Hakuna mutu."

Yule kijana akaweka karatasi chini, na haraka yake ikaisha. Akauliza kama ni sahihi kwamba hajui ikiwa watu hawa wako hai au wamekufa. Ni sahihi. Akauliza kilio kilifanyika lini. Mwezi uliopita. Wakili wangu alijikuna shingo. Nilitamani kusimama, kuangusha kiti, kufanya chochote ili swali linalofuata lisiulizwe, lakini liliulizwa.

"Ulifanya msiba huo ili ushinde kesi hii?"

Mkalimani alitafsiri kwa sauti ya chini. Mama mdogo alifikiri. Nilikuwa namwomba kimya kimya aseme hapana, neno moja tu, kila mtu chumbani angelielewa.

"Njo," alisema, ndiyo yetu ya Bukavu. "Ju ya huyu mutoto."

Kisha akaendelea bila kuulizwa, na mkalimani akamfuata neno kwa neno.

"Mulisema akiwa na mujomba, arudi. Mimi sikuweza kusema hana. Sasa nimebalilia, bameenda. Mutu wenye balishamulilia hawezi pokea mutoto yangu. Hakuna mulango ya kugonga kule. Mimi njo nilifunga."

Jaji aliandika kwa muda. Akauliza swali moja tu, kama katika miaka yote hiyo tuliwahi kupata neno lolote kutoka kwa wajomba hao, simu, barua, salamu ya mtu. Mama mdogo akasema hakuna, na hapo ndipo sauti yake ilipovunjika kwa mara ya kwanza.

Tulingoja majibu zaidi ya mwezi. Niliendelea kupiga saini na begi langu. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa, kwa sababu kwa akili yangu ya shule mama mdogo alikuwa ameungama udanganyifu mbele ya jaji. Wakili ndiye aliyenipigia simu, nikiwa kwenye foleni ya posta. Tumeshinda. Jaji amesema shahidi asiyeweza kudanganya hata pale uongo ulipokuwa unamfaa anaaminika anaposema hatujapata habari za watu hao. Nilitoka nje nikakaa ukingoni mwa barabara nikalia, na wapita njia wa Peckham wakanizunguka wakaendelea na safari zao.

Ruhusa yangu ilipofika, mama mdogo aliishika chini ya taa ya jikoni akaigeuza pande zote. Hasomi Kiingereza. Alinitaka nimweleze kila mstari.

"Hii inakuruhusu kutoka na kurudia?"

"Ndiyo, Mama. Nikipata pasipoti, naweza kutoka na kurudi."

"Basi ukipata nafasi, utaenda kule. Uende mpaka upande ya msitu. Uulizie bakaka yangu."

Nilidhani huzuni imempanda kichwani. Nikamkumbusha, kwa upole ambao si wangu, kwamba tuliwalilia, kwamba alinyoa nywele, kwamba aliapa.

"Nililia kweli," alisema. "Mutu anaweza lia na bado anangoja."

"Na nikiwakuta, nitawaambia nini?"

Alikunja ile karatasi akanirudishia.

"Utabaambia ya kwamba dada yao alibaua huku London, ju wewe upate kubafikia."

Kisha akaniuliza likizo ndefu ya chuo huwa mwezi gani.